Shangazi wa Pampu Namba Mbili na Gari Lake la Mwisho

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kushika bomba la pampu, Shangazi wetu alistaafu rasmi tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nane, na hadi ninapoandika haya uwanja wa pampu haujauzoea ukimya. Meneja ameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi kwa sababu mimi, keshia wa duka la kituo, ndiye niliyekaa naye karibu kuliko wote, dirisha langu likitazama moja kwa moja pampu namba mbili. Alisema niandike kwa heshima na kwa ufupi. Heshima ninayo. Ufupi tutaona.

Jina lake la kwenye cheti lipo, ila hakuna mtu hapa aliyewahi kulitumia. Tulimwita Shangazi kwa sababu alitugombeza kama shangazi na kutulisha kama shangazi, mara nyingi vyote viwili kwa wakati mmoja, sahani mkononi na kidole hewani. Wateja nao wakadaka. Nimesikia hakimu mzima, mtu wa suti na dereva wake, akishusha kioo na kumwamkia Shangazi shikamoo, ilhali kwa umri hakimu ndiye mkubwa.

Hakuja hapa kuuza petroli. Alikuja kufagia. Asubuhi ya siku ya kwanza alipewa fagio, na kabla ya saa sita alikuwa amepiga kelele iliyosimamisha uwanja mzima, kwani mhudumu wa zamu alikuwa anamimina dizeli kwenye gari la petroli la mteja huku akipiga soga. Gari halikuwashwa, tangi likamwagwa, mteja akaondoka salama, na mhudumu yule naye akaondoka, ila si kwa hiari. Jioni hiyohiyo Shangazi akapewa pampu namba mbili. Alipenda kusema kwamba yeye hakuajiriwa kwa cheti, aliajiriwa kwa koo.

Kutoka hapo alipanda hadi kiongozi wa zamu, kisha msimamizi wa uwanja. Wahudumu wote mnaowaona leo wamepita mikononi mwake, na wote wamefundishwa neno moja kabla ya mengine yote. Neno lenyewe ni kumwuliza mteja, “Nikuwekee ipi?” Hakutaka mhudumu akisie kwa kutazama gari wala kwa kumtazama mwenye gari. Uliza kwanza. Mteja asipojua, fungua kifuniko cha tangi usome, na kama hapakuandikwa kitu, mwulize mteja uliko mwongozo wa gari lake. Aliyekisia alipelekwa kusugua vyoo, na vyoo vya kituo chetu, wenzangu, mnavijua.

Sasa niingie kwenye rafu. Dukani kwangu kuna rafu ya chupa za dawa ya petroli. Ziko za kusafisha kabureta, za kukausha maji kwenye tangi, za kupandisha oktani, za kulinda valvu za magari ya zamani, na kuna moja ya zambarau ambayo mpaka leo sijaelewa inafanya nini ila inauzika kweli. Kwa mameneja wote waliopita, rafu ile ilikuwa biashara. Kwa Shangazi ilikuwa duka la dawa lisilo na daktari, basi akajiteua yeye.

Hapo ndipo ulipoanza utaratibu wa kupanda na Shangazi. Wanaokifahamu kituo chetu wanajua kwamba kiko chini kabisa ya mlima, na barabara inayopita ubavuni inapanda wima hadi geti la hospitali. Mteja yeyote aliyetaka dawa hakuuziwa mpaka apande kwanza mlima ule, Shangazi akiwa amekaa kiti cha abiria, dirisha wazi, redio imezimwa, na mteja amefunga mdomo. Shangazi alisikiliza injini ikibeba mzigo. Wakirudi alitoa hukumu, nayo ilikuwa moja kati ya tatu. Badilisha petroli, nunua chupa hii moja, au nenda kwa fundi. Mara nyingi ilikuwa fundi.

Dereva mmoja wa teksi alikuja analia kwamba injini yake inagonga na ameshamaliza chupa mbili za dawa alizonunua kwingine. Wakapanda. Hawajafika hata katikati, Shangazi akaamuru gari lisimame, akainama chini ya kiti, akatoka na mchi wa kutwangia. Mke wa dereva alikuwa ameutafuta mchi ule mpaka akagombana na jirani. Dereva aliponywa bila dawa, ingawa nasikia nyumbani mambo yalichukua muda.

Mwalimu wa hesabu naye alipiga hesabu zake kwamba kama chupa moja inasafisha, basi chupa nne zinasafisha mara nne. Gari lake lilifika hapa linatoa moshi wa rangi ambazo sijawahi kuziona mahali pengine. Shangazi alimweleza kwamba dawa mbili zisizojuana zikikutana ndani ya tangi moja zinaweza kugeuka tope, na kwamba kipimo kilichoandikwa kwenye chupa hakikuandikwa kwa urembo. Kisha akaongeza kwamba anawaonea huruma wanafunzi wake. Mwalimu hakukasirika. Alirudi kila wiki, na kila mara alisoma kipimo kwa sauti ili Shangazi asikie.

Kuhusu petroli yenyewe, somo lake lilikuwa lilelile miaka yote na tulilijua kwa moyo. Petroli ya juu haiongezi mbio, jamani. Kazi yake ni kuvumilia kubanwa ndani ya injini bila kulipuka kabla ya wakati wake. Injini iliyoundwa ibane sana inaihitaji, na ukiinyima itagonga. Injini isiyobana sana ukiipa ya juu umejifurahisha tu. Petroli iliyolala tangini miezi na miezi inaharibika, ukiinusa utaijua. Gari la zamani liangaliwe mipira yake ya kupitishia petroli, maana petroli za siku hizi zilizochanganywa spiriti zinaikausha. Na magari yaliyozaliwa enzi za petroli yenye risasi, hayo aliyakubalia chupa moja tu, ile ya valvu. Alipofika hapo aliinua kidole kimoja, ili msije mkasema hamkuona.

Ndivyo alivyokuwa na wateja. Sasa nyumbani kwake.

Mume wake ni mpiga picha wa harusi, mtu mpole, mwembamba, asiyeachana na miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Sisi humwita Mjomba, kwa kuwa mkewe ni Shangazi na ukoo lazima ukamilike. Mjomba ana gari dogo jekundu la spoti, la viti viwili, la zamani kiasi kwamba hata lilipokuwa linauzwa kwake lilikuwa limeshazeeka, na kitabu chake cha mwongozo kilishapotea kwa mwenye gari wa kwanza. Maharusi wa mji mzima wamepigiwa picha kwenye gari lile. Wamelalia boneti, wamekalia mlango, wamekaa kiti cha abiria shela likipepea nje. Kama umeoa au kuolewa mjini hapa, nenda katazame ukutani kwako.

Walikutana pampu namba mbili, na kisa chao tumekisimulia kwenye kila karamu ya mwisho wa mwaka. Mjomba, wakati huo kijana, aliingia na gari lake jekundu, miwani usoni, kiwiko dirishani. Kabla hajaulizwa akasema, “Weka ile ya juu kabisa, dada. Hili gari halili ovyo.” Shangazi akamtazama kuanzia miwani hadi kiwiko. Akamwambia wazi kwamba vijana wa namna yake wanakuja kila Jumamosi kununua petroli ya juu ili wasikike wakiinunua, na kwamba kigari hicho kitakula ya kawaida na kitashukuru. Akamimina ya kawaida. Mjomba hakubisha. Alirudi kesho yake tangi likiwa bado limejaa, akaomba ya kawaida ya kujazia, na ikaingia kidogo mno, isiyotosha hata kulowesha kitambaa. Siku ya tatu akaja kwa miguu. Mwaka uliofuata wakaoana, na sisi tukabaki na kisa cha namna Shangazi alivyomnyoosha bwana wa miwani. Kila mhudumu mpya alisimuliwa kisa kile kama somo la kazi.

Naomba mkikumbuke, maana tutarudi hapo.

Binti yao wa kwanza tunamwita Mkate, na sababu yake ni gari lile. Usiku wa kuamkia siku aliyozaliwa, gari lilikuwa linagonga, na Mjomba, akijua kwamba kesho au keshokutwa atapanda mlima wa hospitali akiwa na mke mwenye uchungu, alinunua chupa ya kusafisha mfumo wa petroli akaimimina yote. Nia ilikuwa njema. Lakini tangi lile lilikuwa na kutu na takataka za miaka, zimetulia zao chini, na dawa ile ikazing'oa zote zikakimbilia kwenye filta. Asubuhi, wakielekea hospitali, gari likazima kwenye mzunguko wa barabara, honi kila upande, Shangazi ndani ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Aliyewaokoa ni dereva wa gari la mkate. Binti alizaliwa ananukia maandazi, kwa mujibu wa baba yake.

Kutoka kitandani, kabla hata hajaomba maji, Shangazi aliapa mambo mawili. La kwanza, mume wake hatauziwa chupa ya dawa katika kituo hiki maadamu yeye yuko. La pili, hatakaa tena kwenye gari lile mpaka lipone.

Na Shangazi akisema kasema. Akawa anakuja kazini kwa basi na kurudi kwa basi. Harusini alikwenda kwa basi, akiwa na vazi la sherehe na begi la taa za mumewe mapajani, huku mume akitangulia na gari tupu. Fikirieni. Mwanamke aliyepanda mlima ule katika magari ya watu wote, teksi, pikapu, gari la hakimu, gari la zima moto hata, hakupanda katika gari la mumewe. Na maharusi wa mji mzima walikuwa wanakalia kile kiti, isipokuwa bibi harusi mmoja tu, yule wa mwenye gari.

Mjomba hakulalamika. Alianza kununua chupa.

Mimi nilikuwa nimeonywa nisimwuzie, na picha yake ilibandikwa karibu na mashine ya kukatia risiti ili hata wa zamu ya usiku asijitetee. Basi akawa anatuma watu. Alimtuma kinyozi, ambaye hana gari. Alimtuma muuza maua, ambaye hana gari pia na aliyeniuliza kama dawa ile inanywewa kabla ya kula au baada. Jumamosi moja mlango wa duka ulifunguka akaingia bibi harusi kamili, gauni limejaa mlango, shela, glovu, shada mkononi, akaniomba kwa sauti ya upole dawa ya kusafisha kabureta. Nikamwuliza ni ya gari gani. Akasema hajui, ni ya mpiga picha. Niligeuka dirishani nikaona Shangazi ameshaweka bomba chini na anakuja. Bibi harusi akakimbia, shada likabaki kaunta, na picha za harusi ile, nasikia, zote anaonekana amegeukia nyuma kwa wasiwasi.

Sisi tulicheka miaka yote. Tulimwona Mjomba mtu wa ajabu, mlevi wa chupa. Hakuna aliyewahi kumwuliza anatafuta nini ndani ya zile chupa.

Siku mbili kabla ya Shangazi kustaafu, Mjomba aliingia mwenyewe dukani, akaipita picha yake ukutani, akaniwekea kaunta boksi zito. Ndani zilikuwa chupa zake zote, za kila rangi, nyingine hazijafunguliwa, alizokuwa amezificha stoo nyuma ya taa zake. Alivua miwani. Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yake, nayo ni macho ya kawaida tu, ya mtu aliyechoka. Akaniambia kwamba amejaribu kila kitu gari lipone, na halijapona, na sasa anakubali. Kitu kimoja tu alichokuwa akikitafuta miaka yote hiyo ni mkewe akae kwenye kile kiti. Siku ya kuondoka kazini angependa amrudishe nyumbani yeye, si basi. Kama sharti ni chupa, basi chupa hizo. Akaniomba nimfikishie, akavaa miwani yake akatoka.

Nilibeba boksi hadi pampu namba mbili nikamweleza neno kwa neno. Shangazi aliinama akazitazama chupa kwa muda mrefu, akaziinua moja moja. Nilitegemea chozi. Akasema tatu zimepitwa na muda. Kisha akaniambia nirudi kaunta, kuna mteja, na hapakuwa na mteja.

Hapa kituoni tuna utaratibu wetu ambao hata hatujui nani aliuanzisha. Mtu anapostaafu, anachagua gari moja, analijaza kwa mkono wake kwa mara ya mwisho, na gari hilohilo ndilo linalompeleka nyumbani. Tunaliita gari la mwisho. Kwa Shangazi kulikuwa na ushindani. Dereva wa lori la mafuta alioga na kufunga riboni kwenye vioo. Hakimu alileta gari lake jeusi limeng'arishwa. Dereva wa teksi, yule wa mchi, alitandika kitambaa cheupe kiti cha nyuma. Na nyuma kabisa ya foleni, bila riboni wala kitambaa, lilikuwa gari dogo jekundu, Mjomba ndani, mikono juu ya usukani, akisubiri zamu kama mteja yeyote.

Hotuba zikatolewa. Meneja alisoma yake, Shangazi akamsahihisha sehemu mbili. Akapewa cheti, saa ya ukutani na maua, akarudisha sare yake imepigwa pasi. Kisha akaanza kutembea kando ya foleni. Akalipita lori. Akaipita teksi. Alipolipita gari la hakimu, sisi sote tulinyoosha shingo, maana nyuma ya hapo lilikuwa limebaki moja. Mkate, ambaye sasa ni mama mwenye watoto wawili, alinishika mkono nikadhani ataung'oa.

Shangazi aliamuru gari jekundu lisogee pampu namba mbili. Akaweka robo tangi ya petroli ya kawaida, kama alivyoliwekea tangu siku ya kwanza. Akafungua mlango wa abiria, akakaa, akauvuta mlango, ukagoma, akauvuta tena ukafunga. Mjomba alikuwa anatazama mbele tu. Nadhani aliogopa akigeuka atagundua kwamba ni ndoto. Tukapiga vigelegele, gari likatoka, na badala ya kushika njia ya kwao, ambayo ni tambarare, Shangazi akanyoosha kidole juu. Kazi ni kazi. Alitaka kulisikiliza.

Likapanda. Na sisi kutoka chini tukasikia, wenzangu. Ka-ka-ka-ka-ka, kama kokoto ndani ya kopo. Kila mhudumu aliyefundishwa na Shangazi alijua palepale ile ni nini. Hata mimi wa kaunta nilijua. Ile si kutu, si valvu, si kabureta. Ile ni injini inayobana sana, iliyolishwa petroli isiyoiweza. Chupa elfu zisingeiponya, kwa sababu haikuwa mgonjwa. Ilikuwa na njaa ya petroli ya juu tangu Jumamosi ile ya miwani na kiwiko.

Taa za breki zikawaka katikati ya mlima. Gari likakaa pale. Meneja akasema taratibu kwamba haya ni ya familia na turudi kazini, na hakuna aliyerudi, naye akiwa wa kwanza kutorudi. Kisha gari likageuzwa, likateremka polepole, likarudi hadi pampu namba mbili.

Shangazi alitoka. Akazunguka mbele ya gari akasimama dirishani kwa mumewe, akamwuliza, kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake, gari hili limeanza kugonga lini. Mjomba akajibu, wiki ile ya kwanza. Akamwuliza, sasa kwa nini hukuniambia. Mjomba akajikuna shingo. Akasema fundi alimwambia mara nyingi aweke ya juu. Lakini mkewe alishasema ya kawaida, na mwenye pampu ni mkewe, si fundi. Hakutaka kwenda kujaza kituo kingine kwa siri, aliona ni usaliti. Kwa hiyo akawa anajaribu kwa chupa.

Mwanamke aliyetufundisha tusikisie kwa kumtazama mwenye gari, siku moja tu maishani mwake alikisia kwa kumtazama mwenye gari, na mwenye gari huyo alikuwa kijana wa miwani. Na kijana akamwamini Shangazi kuliko masikio yake mwenyewe, nusu ya maisha yao. Na masikio yaliyosikiliza injini za mji mzima hayakuisikia ya nyumbani, kwa sababu hayakukubali kupanda. Enzi za uchumba na mwanzo wa ndoa walikaa humo, ndiyo, lakini masikio yalikuwa na kazi nyingine.

Shangazi alisema pole. Nayaandika maneno haya kwa herufi za kawaida, lakini jueni kwamba katika miaka yote hiyo uwanjani neno hilo tulilisikia likielekezwa kwa magari tu. Alisema pole, baba Mkate. Nimekugongesha bure.

Kisha akageuka na kunyoosha mkono kuchukua bomba la petroli ya juu, na hapo akakumbuka sheria aliyoitunga mwenyewe, kwamba asiyevaa sare hagusi pampu. Akasimama, mkono hewani. Meneja wetu, ambaye ni mtu wa taratibu hata kwenye ndoto, alivua kizibao chake cha kazi palepale mbele ya wageni, akamvalisha. Kilimfika magotini. Hakuna aliyecheka.

Shangazi akafungua kifuniko cha tangi. Akasimama wima namna alivyotufundisha tusimame, akamtazama mume wake machoni, au tuseme kwenye miwani, akamwuliza kama anavyoulizwa kila mteja.

“Nikuwekee ipi?”

Mjomba alitoa kiwiko dirishani. Mdomo ulikuwa unamtetemeka lakini kiwiko kilitulia.

“Weka ile ya juu kabisa, dada. Hili gari halili ovyo.”

“Haya, kaka,” akasema Shangazi, na akajaza mpaka juu.

Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Shangazi ni mstaafu pekee wa kituo hiki aliyelijaza gari lake la mwisho mara mbili. Alirudisha kizibao, akachukua kutoka rafuni kwangu chupa moja, ile ya valvu, akalipia, akasoma kipimo kwa sauti, na akampa Mjomba aimimine mwenyewe. Mwalimu wa hesabu alipiga makofi. Halafu wakaondoka tena, wakashika mlima, na sisi sote tukaegemea uzio tumetega masikio. Lilipita robo, likapita nusu, likafika geti la hospitali, na tulichokisikia ni Shangazi tu, tangu chini hadi juu, akimwambia mumewe abadilishe gia.

Shangazi, mafanikio yako ni mengi na meneja ameyasoma kwenye hotuba. Mimi nakushukuru kwa koo lako, kwa sahani zako, na kwa kila chupa uliyonizuia kuuza. Wahudumu wanakushukuru, hata waliosugua vyoo. Picha ya Mjomba nimeibandua karibu na mashine ya risiti. Mahali pake nimebandika ile aliyotuletea wiki iliyopita, ya bibi mmoja aliyekaa kiti cha abiria katika gari jekundu, dirisha wazi, redio imezimwa, kidole kimoja hewani. Sisi wenzako wote tunakuombea maisha ya raha katika kiti hicho, na ukihitaji petroli, foleni ya pampu namba mbili unaijua, na tutakuuliza kwanza.